Kujitolea kuwashauri wanafunzi kuhusu kazi: mwongozo kamili kwa mtaalamu anayekwenda shuleni

Wataalamu wengi wanakwenda shuleni kwa moyo mweupe. Mhasibu, nesi, wakili au fundi mkuu anaomba ruhusa kazini, anasimama mbele ya Kidato cha Nne, anazungumza saa nzima kuhusu kujituma na kutokata tamaa. Makofi yanapigwa, picha zinapigwa, anaondoka. Dirisha la Selform, mfumo wa kuchagua masomo na vyuo vya baada ya Kidato cha Nne, likifunguliwa, wanafunzi wale wale wanajaza PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) kwa sababu rafiki amejaza PCB, au HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) kwa sababu kaka alisoma HGL.

Malalamiko ninayopokea kutoka kwa wenzangu yanafanana: "Nilikwenda, walifurahi, hakuna kilichobadilika." Tatizo halipo kwenye moyo wa kujitolea. Mwanafunzi alipewa hamasa, na alichokosa ni taarifa: kazi yako inafanywaje kutwa nzima, na mlango unaofuata kuelekea huko unafunguliwa na nini. Mwongozo huu unahusu hayo mawili. Nimeuandika kwa shule za sekondari za Tanzania Bara, na mifano mingi inatoka kwenye ukadiriaji majenzi, yaani kukokotoa vifaa na gharama za ujenzi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Wewe weka yako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Barua ya maombi, na barua ya utambulisho kutoka kwa mwajiri wako au bodi ya taaluma yako.
- Nakala ya kitambulisho cha taifa na cha kazi.
- Mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka husika (shahada) na ule wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi (cheti na stashahada). Yote inapatikana bure kwenye tovuti zao.
- Orodha ya sasa ya tahasusi za Kidato cha Tano, yaani michepuo ya masomo kama PCB na HGL. Usitegemee kumbukumbu zako: mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa hadi kufikia 65.
- Kitu halisi cha kazini kwako kinachoweza kushikwa: ramani, kipimo, daftari la mahesabu, mkataba uliofutwa majina.
- Karatasi ya njia, ukurasa mmoja, nakala za kutosha. Hatua ya 4 inaeleza namna ya kuiandaa.
- Sanduku dogo au bahasha kubwa ya maswali.
- Manila, maka pen na chaki. Usitegemee projekta. Umeme ukikatika, kipindi chako kimekwisha.

## Hatua ya 1: Chagua darasa kabla ya kuchagua shule

Ushauri una thamani pale tu unapomfikia mtu kabla hajaamua. Shuleni kuna nyakati chache za namna hiyo, na ukizikosa utakuwa unawaeleza watu habari za basi lililokwisha kuondoka.

Kidato cha Pili ni wakati wa kwanza. Shule nyingi hugawa wanafunzi katika sayansi, sanaa na biashara wanapoingia Kidato cha Tatu. Mtoto anayeacha Fizikia na Kemia hapo amejifungia kozi nyingi za afya na uhandisi, na mara nyingi hajui kuwa ameifunga milango hiyo. Tangu Januari 2024 mtaala mpya umeleta pia mkondo wa jumla na mkondo wa amali kuanzia Kidato cha Kwanza, kwa hiyo uliza shule unayokwenda inafundisha upi, maana katika mkondo wa amali uamuzi huanza mapema zaidi.

Kidato cha Nne ni wakati wa pili. Wanafunzi hujaza machaguo ya tahasusi na vyuo kwenye mfumo wa Selform wa TAMISEMI, kisha matokeo yakitoka hupewa nafasi ya kubadili. Wengi hawaitumii nafasi hiyo ya pili kwa kuwa hakuna aliyewaambia ipo, au wapo nyumbani na hawajui pa kuanzia.

Kwa mara ya kwanza chukua darasa moja tu. Mkuu wa shule atakuomba uzungumze na shule nzima kwenye paredi, na anaomba kwa nia njema. Mweleze kwa adabu kwamba unaomba mkondo mmoja wa wanafunzi arobaini au hamsini. Mbele ya watu mia sita utahutubia tu. Hakuna namna nyingine.

Epuka majuma ya moku (mitihani ya majaribio), na epuka kuanzia Oktoba, kwani Novemba ni mitihani ya taifa. Februari hadi Aprili panafaa. Julai mwanzoni napo panafaa kama moku ya mkoa haijaanza.

## Hatua ya 2: Omba kibali kwa njia inayotakiwa

Kwa shule ya serikali, barua inakwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, kupitia Afisa Elimu Sekondari, na nakala kwa mkuu wa shule. Kwa shule binafsi, barua kwa mkuu wa shule mara nyingi inatosha.

Barua iwe ya ukurasa mmoja: wewe ni nani, unataka kuzungumza na kidato gani, kwa muda gani, kuhusu nini, na kwamba huombi malipo wala huuzi kitu. Sentensi hiyo ya mwisho iandike waziwazi. Shule zinatembelewa na watu wa vyuo wanaotafuta wateja kwa kisingizio cha ushauri, na walimu wamechoka nao.

Hata kama mkuu wa shule ni jirani yako, usiingie darasani kwa simu tu. Likitokea jambo, mwalimu aliyekuruhusu ndiye atakayeandikiwa barua ya kujieleza.

Hatua hii imekamilika ukiwa na jibu la maandishi, tarehe, na jina la mwalimu atakayekupokea.

## Hatua ya 3: Kaa na mwalimu wa ushauri na unasihi

Huyu ndiye mwenyeji wako wa kweli. Shule karibu zote zina mwalimu aliyepewa jukumu hilo, ingawa mara nyingi anafundisha vipindi vingi kama wenzake. Mtafute walau wiki moja kabla, na mtaaluma, mwalimu anayesimamia taaluma shuleni, awepo ikiwezekana. Waulize:

Wanafunzi wa hapa wakimaliza wanakwenda wapi? Masomo gani yana walimu wa kutosha na yapi hayana? Matokeo ya Hisabati yakoje? Kuna maabara? Wazazi wengi wanafanya kazi gani?

Majibu yatabadilisha unachokwenda kusema. Kama shule haijapata mwalimu wa Fizikia kwa muda mrefu, kuwahimiza watoto wote wachague PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) ni kuwaumiza. Hapo utahitaji kuwa na njia ya pili na ya tatu mkononi.

Mwachie mwalimu sanduku la maswali. Wanafunzi waandike bila majina, na sanduku likufikie siku mbili kabla. Katika maswali hayo utakuta kinachowasumbua hasa, ambacho hakuna anayethubutu kukisema mbele ya wenzake: ada, mimba, baba anayetaka binti aolewe, Hisabati yenye F.

## Hatua ya 4: Andaa karatasi ya njia

Kama una muda wa kufanya jambo moja tu vizuri, fanya hili. Hotuba itasahaulika jioni ile ile. Karatasi itafika nyumbani, itasomwa na mama, na itatolewa tena matokeo yakitoka.

Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, uonyeshe njia zote halali za kufika kwenye kazi yako, kila moja ikianzia mahali mwanafunzi anapoweza kujikuta. Ya kwangu ina njia tatu.

Njia ndefu ya Kidato cha Tano na Sita. Ili achaguliwe Kidato cha Tano, mwanafunzi anahitaji angalau C tatu. Anachukua tahasusi yenye Hisabati, kama PCM, PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) au EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati). Kuingia shahada, kima cha chini cha TCU ni ufaulu wa masomo mawili yanayotakiwa na kozi yenyewe, yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kisha miaka minne ya shahada, mfano Chuo Kikuu Ardhi. Baada ya hapo kuna mafunzo kazini na usajili wa Bodi ya Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi.

Njia ya stashahada. Kutoka Kidato cha Nne anakwenda chuo cha ufundi kama DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), anasoma stashahada ya ujenzi, anaanza kufanya kazi. Akipata GPA (wastani wa alama) ya 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada. Wanafunzi wengi wanadhani aliyekosa Kidato cha Tano amekosa chuo kikuu. Iandike njia hii kwa herufi kubwa.

Njia ya VETA, vyuo vya ufundi stadi. Uashi, bomba, umeme wa majumbani, useremala. Anaanza na ngazi ya kwanza, anapanda hadi ya tatu, huku akipata riziki. Usiiweke chini kabisa ya karatasi kama adhabu ya waliofeli. Eneo la ujenzi nimeona mafundi umeme wanaomaliza mwezi na kipato kinachomzidi karani mwenye shahada.

Chini ya njia hizo weka mambo matatu: gharama zinazojulikana, mahali pa kuomba mkopo, na tarehe uliyoandika karatasi. Kuhusu mikopo, wengi wanadhani HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ni ya shahada peke yake. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 baadhi ya kozi za stashahada za vipaumbele nazo ziliingizwa. Mwanafunzi asome mwongozo wa mwaka wake.

Andika pia kinachokuja baada ya chuo, maana hapo ndipo familia hushtuka. Udaktari ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Anayetaka kuwa wakili akimaliza shahada ya sheria bado ana Law School of Tanzania mbele yake. Mhasibu anayetaka kutambulika kikamilifu ana mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Mzazi aliyeuza ng'ombe akidhani ni miaka mitatu anastahili kuambiwa mapema.

Kuna kosa moja dogo linaloharibu karatasi nyingi: kuchanganya Hisabati ya juu na ile BAM (Hisabati ya msingi ya matumizi) wanayosoma watu wa PCB na wengineo. BAM ni somo la ziada, na kwa kozi inayodai Hisabati kama somo kuu, haitoshi. Lisemwe.

Kabla ya kudurufu, mpe kijana wa Kidato cha Pili asome karatasi yako, kisha akueleze kwa maneno yake. Akikwama mahali, hapo pameandikwa vibaya.

## Hatua ya 5: Endesha kipindi

Omba vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80. Gawa hivi: dakika 10 za siku yako ya kazi, 30 za vitendo, 15 za karatasi ya njia, 25 za maswali.

Siku yako ya kazi. Eleza jana, saa kwa saa, hata yanayochosha. Mimi huwaambia kwamba sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa mezani na ramani na jedwali la makadirio, kisha kubishana na mkandarasi kuhusu kifusi kilichobebwa. Mtoto aliyedhani ni kuvaa kofia ngumu na kuamrisha watu anapata picha ya kweli, na mwingine aliyependa mahesabu lakini akaogopa zege anagundua kuna nafasi yake. Maisha yako ya shida utotoni yaache, isipokuwa ukiulizwa.

Vitendo. Wape kipande cha kazi yako halisi, kidogo, kinachomalizika. Mimi huwagawa vikundi vya watu sita na kuwapa kila kundi tepu. Kazi: ukuta wa nyuma wa darasa hili unahitaji tofali ngapi za inchi 6?

Wanapima. Tuseme urefu mita 9, kimo mita 3: eneo ni mita za mraba 27. Madirisha mawili ya mita 1.5 kwa 1.2 yanaondoa 3.6, inabaki 23.4. Tofali hizo, pamoja na saruji ya viungo, ni takribani 10 kwa mita moja ya mraba: tofali 234. Hapo huwauliza, "Lori likipita kwenye mashimo, zote zitafika nzima?" Wanacheka, wanaongeza asilimia 5, wanafika 246. Kisha wanazidisha kwa bei ya tofali ya mtaani kwao, na bei wanaijua kuliko mimi.

Daima kuna kundi lililosahau kutoa madirisha. Waachie hesabu yao ubaoni, uliza mwenye nyumba angepoteza shilingi ngapi. Ndani ya nusu saa wamefanya ukadiriaji, na wale waliokuwa wakisema Hisabati haina kazi mtaani wameishika tepu wenyewe.

Kazi yoyote ina kipande cha namna hii. Nesi afundishe kuhesabu mapigo ya moyo kwa dakika na kujaza chati. Mhasibu alete stakabadhi za duka, watafute faida ya wiki. Afisa kilimo alete mbegu na karatasi ya vipimo vya nafasi. Wakili awape mkataba wa kupanga chumba wenye kifungu kibaya, wakitafute.

Angalia nani ameshika tepu na nani anaandika. Mara nyingi wavulana hupima na wasichana huandika. Badilisha mikono katikati, bila kutoa hotuba.

Lugha iwe Kiswahili, huku istilahi za mtihani ukizitaja kama zinavyotajwa darasani. Ukiona wanainamisha vichwa kila unapouliza swali, huenda ni lugha unayotumia.

Kipindi kimefanikiwa kama ulisikia sauti zao kuliko yako, na kama kuna swali lililokulazimisha kusema, "Hilo sina hakika nalo, nitamwandikia mwalimu wenu jibu." Ukisema hivyo, andika kweli.

## Hatua ya 6: Jibu maswali magumu bila kukwepa

Maswali ya sanduku huwa yanarudi yale yale. Jiandae nayo.

"Nina F ya Hisabati. Nimekwisha?" Hapana, ila baadhi ya milango imefungwa. Taja ipi, kisha taja iliyo wazi. Anaweza kurisiti somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anaweza kwenda VETA. Stashahada nyingi za afya hudai ufaulu wa masomo manne yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, kwa hiyo fungueni mwongozo wa NACTVET pamoja, umwonyeshe mstari wenyewe kwa kidole.

"Mnalipwa shilingi ngapi?" Wana haki ya kujua. Huna haja ya kutaja mshahara wako. Eleza anayeanza hupata kiasi gani serikalini na kwa watu binafsi, kinachoongeza kipato, na miezi ambayo kazi hakuna.

"Kaka yangu ana digrii na yuko nyumbani." Usimbishie, na usimrushie habari za kujiajiri kana kwamba ni jambo la kuamka asubuhi na kufanya. Kubali kuwa ajira ni ngumu. Kisha eleza walioajiriwa kwenye kazi yako waliingiaje: nani alianza kwa kujitolea, nani alipatikana wakati wa mafunzo kwa vitendo, ujuzi gani unatafutwa na haupatikani.

"Baba anataka niwe daktari, mimi sitaki." Usijiweke kati ya mtoto na mzazi wake. Mpe maswali ya kwenda kumuuliza baba: anaogopa nini kuhusu kazi ninayoipenda? Mpe na karatasi ya njia aisome naye. Baba wengi wanataja udaktari kwa kuwa ndiyo kazi ya heshima waliyoiona kwa macho yao.

"Niliacha shule nikajifungua, nimerudi. Kuna njia?" Ipo. Tangu Novemba 2021 wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi, na aliyekosa kabisa nafasi hiyo ana njia ya QT, mtihani wa maarifa wa Baraza la Mitihani, akisoma kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Swali hili lisome kwa utulivu ule ule uliosoma mengine, usiangaze macho kumtafuta aliyeandika.

Swali la kazi usiyoijua usilijibu kwa kubahatisha. Andika, tafuta mtu wa kazi hiyo, mpelekee mwalimu jibu. Sentensi moja ya kubahatisha inaweza kumpeleka mtoto kwenye tahasusi isiyomfikisha anakotaka.

## Hatua ya 7: Mipaka ambayo hairukwi

Mwalimu awepo darasani muda wote. Usikae na mwanafunzi peke yenu, hata kama anataka ushauri wa siri. Kaeni panapoonekana na watu.

Usichukue namba ya mwanafunzi wala kumpa yako. Mawasiliano yapite kwa mwalimu. Jambo hili linawakera wataalamu wengi wenye nia nzuri, lakini halina mjadala.

Picha za watoto zinahitaji ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na heshima ilikuwepo kabla yake. Kama unahitaji picha ya kumwonyesha mwajiri wako, piga ubao wenye mahesabu.

Mwanafunzi akikueleza kuhusu kupigwa, kunyanyaswa au kulazimishwa kuolewa, msikilize, usimuahidi kutunza siri, mpeleke kwa mwalimu wa unasihi siku hiyo hiyo. Kama mwalimu huyo ndiye tatizo, nenda ustawi wa jamii wa halmashauri au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

Usiahidi ajira, ufadhili wala nafasi ya mafunzo ambayo huna mkononi.

## Hatua ya 8: Rudi

Panga kurudi baada ya wiki tatu au nne, kwa nusu saa tu. Waulize wanafunzi watano bila kuwapanga: ukitaka kuwa fulani, niambie njia mbili za kufika. Wakizitaja, kazi imefanyika. Wakikumbuka tu kwamba "yule mkadiriaji alikuwa mcheshi", rekebisha karatasi yako na kipindi chako.

Omba pia dakika 20 kwenye mkutano wa wazazi. Wao ndio wanaolipa nauli na ada, na mara nyingi ndio wanaojaza fomu kwa mkono wa mtoto. Wazazi huuliza maswali mafupi na mazito: inachukua miaka mingapi, ni shilingi ngapi, na akishindwa katikati anabaki na nini mkononi. Hilo la tatu lijibu kwa ukamilifu, kwa sababu mwenye cheti cha ngazi fulani ana kitu cha kuombea kazi hata asipofika mwisho.

Ziara ya eneo la kazi ni nzuri, ila iwe ya wanafunzi wachache, kwa kibali cha shule na barua za wazazi, na vifaa vya usalama kwa kila mmoja. Kofia ngumu mbili kwa watoto kumi maana yake ni kwamba wanaingia wawili, wanane wanasubiri nje.

## Kwa walioko Kenya

Hatua nyingi zinafaa kama zilivyo, ila wakati wa uamuzi ni mwingine. Chini ya mtaala wa umilisi (CBC), mwanafunzi wa Gredi ya 9 anachagua mkondo mmoja kati ya mitatu ya sekondari ya juu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Wahi watoto wa Gredi ya 8 na ya 9, na karatasi yako ya njia ianze na mikondo hiyo.

## Kila mwaka, kabla ya kwenda tena

Pakua miongozo mipya ya TCU na NACTVET, linganisha mstari kwa mstari na karatasi yako, badilisha tarehe iliyo chini. Nakala za zamani zilizobaki kwenye kabati la mwalimu ziombe, uzichane, umwachie mpya.